Gari Limechuchumaa

Hakuna aliyemwona Mama Pacha akiruka, kwa sababu aliruka jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Mumewe alikuwa ametoka tu kutamka, kwa sauti ya mtu anayetoa figo yake, kwamba leo usukani ataushika mkewe.

"Safari moja tu!" Baba Pacha aliongeza kutoka sebuleni. "Nikishafunguliwa hii plasta, narudi kwenye kiti changu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mume wangu," alijibu Mama Pacha kwa upole wa kuigiza, akaruka tena.

Mkono wenyewe Baba Pacha hakuuvunja kazini, msije mkamwonea huruma bure. Aliuvunja akipangusa paa la gari, amesimama juu ya stuli, soksi zimelowa chapachapa. Gari lile la viti vinane, refu, pana, jeusi ti, lilikuwa na miezi michache tu nyumbani kwao, na alilipenda kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote chenye magurudumu. Alilipangusa asubuhi, alilipangusa jioni, na mvua ikinyesha alitoka na mwavuli kwenda kulitazama. Biashara yao ilikuwa kuvuta tela la mizigo mizito: jenereta, mashine za kusaga, mitambo ya visima. Pikapu la zamani liliifanya kazi hiyo mpaka likakata roho, ndipo likanunuliwa hili.

Mama Pacha alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule tangu pacha wake wananyonya hadi walipoondoka kwenda chuo, na nyumba ikawa kimya kiasi cha kusikia friji likipumua. Akaanza kufuatana na mumewe safarini, eti asisinzie njiani. Huko ndiko alikoonja utamu wa kazi ile. Alijifunza kupishanisha minyororo ya usalama chini ya ulimi wa tela, ule mkono wa chuma wa mbele, ili tela likichomoka kwenye ndoano lidakwe lisichimbe lami. Alijua taa ya breki iliyokufa kabla hata ya kuwashwa. Kila kitu cha tela alikigusa yeye, isipokuwa usukani. Mwaka juzi alikwenda akafanya mtihani wa leseni ya kuvuta tela, akafaulu kwa mara ya kwanza. Mumewe akampa hongera, akamnunulia soda, kisha akatumbukiza funguo kwenye mfuko wake wa suruali.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini aliruka. Safari hii ikienda sawa, angekuwa na la kusema. Ikienda mrama, usukani angeusikia redioni.

Mzigo ulikuwa tanuri la mikate, chuma kitupu, zito kama ng'ombe watatu walioshiba. Waliutoa kwa fundi wa kuchomelea, wakitakiwa kuufikisha kwa mwokaji upande wa pili wa mlima, ambaye tayari alikuwa amebomoa ukuta wa duka ili tanuri lipite. Mama Pacha alisimamia upakiaji mwenyewe. Vijana wa karakana walilisukuma tanuri kwa magurudumu yake madogo hadi mbele kidogo ya ekseli, mhimili wa magurudumu ya tela, likafungwa kwa mikanda. Ulimi wa tela ukaikalia ndoano sawasawa, na gari likashuka nyuma kidogo, kama mtu anayejiandaa kuketi. Akazunguka akikagua: upepo, taa, minyororo, pini. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha hata akaikagua pini mara mbili kwa raha tu ya kuishika. Kisha akaenda kunawa mikono na kumuaga fundi.

Aliporudi, Baba Pacha alikuwa ameshajifunga mkanda upande wa abiria, amenyamaza mno. Mama Pacha angejiuliza. Mwanamke anayemjua mumewe angejiuliza! Lakini kiti kile kilikuwa kikimwita, na hakuzunguka tena kukagua. Alipanda, akavuta kiti mbele, akarekebisha vioo, akawasha. Injini ikanguruma na yeye akacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Basi tu, Baba Pacha. Basi tu."

Alianza taratibu, akaacha nafasi kubwa mbele, kwa kuwa tela zito halisimami pale unapotaka, linasimama pale linapotaka. Mlima waliupanda kwa gia ndogo, injini ikiimba. Baba Pacha alikuwa abiria wa kuchosha. Alikanyaga breki ambayo haikuwepo, akafoka kila walipopishana na lori, akaipangusa vumbi dashibodi kwa mkono mzima. Mama Pacha hakujali. Alikuwa na hamu ya kumpungia mkono kila mtu aliyekaa barazani kwake, awaambie nitazameni, mnaniona?

Mteremko ulipoanza alipunguza mwendo mapema, kama alivyofundishwa. Hata hivyo, kwenye kona ya kwanza alihisi kitu. Mkia wa gari ulisukumwa kushoto, kidogo tu. Ukarudi kulia. Ukaenda kushoto tena, safari hii kwa nguvu, na kwenye kioo cha pembeni akaliona tela likijitokeza huku, likipotea, likijitokeza kule.



"Breki! Kanyaga breki!" Baba Pacha alipiga kelele, akikandamiza zulia kwa miguu yote miwili. "Hapana! Mafuta! Ongeza mafuta!"

"Nyamaza, Baba Pacha."

Alinyamaza. Sidhani kama aliwahi kunyamazishwa namna hiyo tangu utotoni.

Mama Pacha aliondoa mguu kwenye mafuta na hakuupeleka kwenye breki. Alijua kwamba akikanyaga sasa, gari litazuiwa na tela litaendelea kuja, na hapo vitakunjana kama kisu cha mfukoni. Usukani akaushika katikati, bila kulifukuza tela huku na kule. Kisha akanyoosha kidole hadi kwenye kitufe cha breki za tela peke yake, chini ya dashibodi, akakibonyeza polepole. Tela likavutwa nyuma. Likayumba mara moja zaidi, likalegea, likanyooka. Akalibembeleza gari hadi pembeni palipokuwa na uwanja wa changarawe, akasimama, akavuta breki ya mkono.

Ajabu ni kwamba hofu haikukaa. Chini yake iliibuka furaha kali hata akataka kupiga vigelegele. Nimelishika! Nimelishika mimi!

Aliteremka akaenda nyuma. Tanuri lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, mikanda imekaza, hakuna kilicholegea. Ila lilikuwa limefungwa nyuma ya ekseli, karibu na mlango wa tela. Tanuri halitembei na kujifunga mikanda lenyewe. Akageuka. Baba Pacha alikuwa amesimama kando ya gari, akijikuna juu ya plasta, kana kwamba plasta inawasha.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Nani kalihamisha?"

Mwanaume alitazama mlima, akatazama viatu, akakosa pa kutazama. "Ulipokwenda kunawa... niliwaambia vijana walirudishe nyuma kidogo. Kidogo tu! Gari lilikuwa limechuchumaa, Mama Pacha. Jipya vile, limechuchumaa mbele za watu. Nililionea huruma."

"Ukalionea huruma gari." Mama Pacha alishika kiuno. "Na mimi niliyekuwa ndani yake, je?"

Baba Pacha alianza kupangusa taa ya gari kwa kiganja.

"Nani alinifundisha kwamba mzigo ukikaa nyuma, tela linaliinua gari mkia na kuanza kulichezesha? Si wewe? Kwenye pikapu hukuwahi kufanya ujinga huu!"

"Pikapu lilikuwa bovu," alisema Baba Pacha kwa sauti ndogo. "Lile halikunipa uchungu."

Mama Pacha alitaka kuendelea kufoka, na alikuwa na haki, lakini kicheko kilimponyoka. Akacheka hadi akashika ubavu wa tela. "Na mimi nimekosa," alisema alipopata pumzi. "Nilipaswa kuzunguka tena kabla ya kuwasha. Kiti kilinilevya."

Mafundi wa barabara waliokuwa wakipumzika ng'ambo waliombwa, wakaja na utani wao na mabega yao. Mama Pacha akaweka vizuizi kwenye magurudumu ya gari na ya tela, akafungua mikanda, akawapangia nani asukume wapi. "Kwa pamoja, jamani, na asisimame mtu nyuma yake!" Tanuri likarudi mahali pake. Gari likachuchumaa. Baba Pacha aligeuza uso pembeni kama mzazi anayepeleka mtoto kuchomwa sindano, kisha akajikaza, akaja mwenyewe kuvuta mikanda kwa mkono mmoja na kuijaribu mmoja mmoja.

Sehemu iliyobaki ya mteremko waliishuka kwa gia ya pili. Tela lilifuata nyuma, limetulia tuli. Na Baba Pacha hakukanyaga zulia hata mara moja. Aliketi tu akimtazama mkewe kwa pembeni, na kila alipotazamwa naye akajifanya anaangalia kioo.

Kwa mwokaji walikuta nusu ya mtaa imesimama nje. Lango lilikuwa jembamba, na tela lilitakiwa liingie kinyumenyume hadi kwenye ule ukuta uliobomolewa. Mama Pacha aliteremka akapima kwa macho, akarudi, akashusha vioo. Mkono akauweka sehemu ya chini ya usukani, ili unakoelekea mkono ndiko tela lielekee. Baba Pacha alisimama nyuma, mahali anapoonekana kwenye kioo, akainua mkono wake mmoja. Tela likapinda mno, Mama Pacha akasonga mbele kidogo kulinyoosha, akaanza upya bila haraka. Likaingia langoni, nafasi ya kiganja kila upande, likasimama mbele ya tundu la ukuta. Mwokaji alipiga makofi, unga ukaruka kutoka mikononi mwake, na mtaa mzima ukashangilia. Mama Pacha alishuka miguu haigusi chini.

Wakati tanuri likiteremshwa, simu ya Baba Pacha iliita. Alikuwa mteja wao wa visima, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Alikuwa na mtambo wa kuvutwa mwezi ujao, barabara ya milimani, na aliuliza kama mkono utakuwa umepona.

Mama Pacha alijifanya anakunja mikanda. Hakukunja kitu. Alisimama ameishika tu, masikio yamesimama.

"Utakuwa umepona, ndiyo," alisema Baba Pacha. "Umepona kabisa."

Akalitazama gari, akamtazama mkewe.

"Lakini subiri kwanza," akasema. "Ngoja nikupe dereva, uongee naye mwenyewe."

Akamnyooshea simu. Mama Pacha aliipokea, akaiweka sikioni, mikanda ikiwa bado mkononi. Mteja akaita haloo, haloo. Mama Pacha akaitua mikanda chini.

"Haloo," alisema. "Mtambo wenyewe una uzito gani?"