Jiwe la Chumvi Mdomoni

Picha ipo, kwa hiyo siwezi kukana: yule mwanamke aliyepanua mdomo kama kiboko ni mimi.

Mwaka huo madam wangu wa Riyadh alinipeleka Austria nimwangalie bintiye Nura kiangazi chote (joto la Riyadh wenye pesa hulikimbia, sisi ndio tunaovumilia), akaniahidi, "Ukimtunza vizuri, Desemba unaenda kwenu." Miaka miwili sijamwona mama yangu! Basi nikawa mtu wa adabu, mpaka siku tulipofika kwenye ziwa moja lililozungukwa na milima, nyumba za mbao zimepandana hadi juu, na ndani ya mlima wenyewe mgodi ambamo watu wamechimba chumvi tangu zama za mababu wa mababu zao.

Chumvi, mlimani! Tukavalishwa ovaroli tukaingia, na ukuta wa mwamba ulikuwa na rangi ya waridi, unang'aa, na mimi, mnanijua, nimekua nikitafuna odowa (yale mawe ya udongo wanayouza mama mboga kwetu), nikiona jiwe zuri mate yananijaa. Mtembezaji wetu alishasema mtu asichukue chochote. Nikajiambia naonja tu, nikabandua kipande, mara akageuka, nikakitupa mdomoni.

Mbele kulikuwa na mteremko wa mbao ambao wachimbaji wa zamani walitelezea kushuka chini. Nikampakata Nura, yalla, tukaachiliwa, nikapiga mayowe ambayo sijawahi kupiga tangu nizaliwe. Kumbe katikati kuna kamera! Tulipotoka, picha zetu sote zilikuwa kwenye televisheni kubwa mlangoni, na yangu ndiyo hiyo, ulimi nje, jiwe juu yake. Wazungu wakacheka, mtembezaji hakucheka, na familia nyingine ya Kisaudi ikamgeukia madam na kumtazama.

"Kwani mimi sikulishi?" madam akaniuliza polepole.

"Maalesh, madam, nilitaka tu kujua."

"Umeniaibisha mbele ya watu. Desemba mafi, huendi. Halas."

Nililia njia nzima kando ya ziwa, wala sikuuona tena uzuri wake, nikaapa kwamba kitu nisichopewa sitakionja tena maisha yangu yote, hata kiwe dhahabu.

Nilipompigia mama kumweleza kwa nini sirudi, nilijua nimemuumiza.

"Na mdomoni," akauliza mwishowe, "ilikuwaje?"

"Chumvi tu, mama. Chumvi tu."