Vidonge vya Zuhura

Wasomaji, nichekeni tu. Juzi nilikuta vidonge kwenye fundo la khanga ya mke wangu, Zuhura, nasi tunatafuta mtoto mwaka wa pili. Siku hizi maduka ya dawa yamefunguliwa kila kona. Nikajua amenunua vya kuzuia mimba. Sikumuuliza. Nikapanda milima ya Uluguru kumwita mjomba wake, maana kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno.

Mzee akateremka nami hadi kwetu Kihonda, akavigeuzageuza vile vidonge mbele ya Zuhura.

"Vya nini hivi, mwanangu?"

"Vya kuongeza damu, mjomba. Nesi kasema niimarishe damu kabla sijabeba mimba. Na mume wangu naye akapimwe, lakini anasema kliniki ni mbali."

Mjomba akanigeukia taratibu. "Mkwe, kwangu mlimani umefika. Hiyo kliniki iko wapi?"

Zuhura akanyoosha kidole dirishani.