Matanga ya Mzee Kinuthia Ugenini

Wakiuru alizaliwa Karatina, nyumba ya tatu kutoka kanisani, akapewa jina la nyanya yake mzaa baba kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza. Kwa sababu hiyo baba yake, Mzee Kinuthia, hakuwahi kumwita Wakiuru. Alimwita Maitu, yaani mama yangu, tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni hadi siku alipovaa joho la chuo kikuu.

Kinuthia aliuza nyanya. Siku za soko alipokea makreti kutoka Mwea kabla jua halijatoka, na likizo ikifika Wakiuru alikwenda kumsaidia kuchambua. "Maitu," baba yake alikuwa akimwambia, "usiweke iliyopondeka chini na nzuri juu. Mteja haoni chini, lakini Mungu anaona." Wakiuru alicheka, lakini nyanya iliyopondeka aliitoa.

Alihitimu ualimu wa Kiingereza na fasihi. Miezi kumi na moja alikaa nyumbani akituma barua za kuomba kazi, na barua hazikujibiwa. Ndipo akapata nafasi ya mwaka mmoja katika chuo kikuu kimoja huko Uchina, katika mji ambao mama yake, Magdaline, hakuwahi kulitamka jina lake sawasawa. Alisema tu "kule kwa Wakiuru." Mzee Kinuthia alipoonyeshwa barua aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kiingereza chenyewe tuliletewa na wageni," akasema. "Sasa sisi ndio tunawapelekea wengine. Nenda, Maitu. Usiwaharakishe tu, wewe unaongea mbio kama kondakta."

Basi akaenda. Alipewa chumba ghorofa ya nne katika nyumba za walimu, na darasa la wanafunzi thelathini na mmoja wanaosomea uhandisi. Wengine walikuwa na umri wake kabisa. Siku ya kwanza alipoingia aliwataka wasimame wote wamwamkie kwa pamoja, kama alivyozoea kuona nyumbani. Walisimama wakitazamana, wakajaribu, wakacheka. Kufikia mwezi wake wa pili huko, akichelewa hata dakika moja alikuwa akiwakuta wameshasimama. Kiranja wao alikuwa msichana mmoja mwembamba, mpole, aitwaye Lin Yue, ambaye aliandika kila neno la mwalimu, hata utani.

Mwezi wa Machi, siku ya Jumatano, Mzee Kinuthia alianguka sokoni kwa presha, na kabla ya kufikishwa hospitalini akawa amelala. Mungu alimtoa kati ya nyanya zake, bila kumtesa kitandani.

Wakiuru hakuweza kurudi. Pasipoti yake ilikuwa katika ofisi za polisi ikisubiri kibali kipya cha kukaa, na aliambiwa haitatoka kabla ya wiki tatu. Maziko yalipangwa Jumatano iliyofuata. Mkuu wa idara alimpa pole na likizo ya siku saba, na Wakiuru akarudi chumbani kwake akafanya lile jambo alilojua hufanywa mtu akifiwa.

Aliazima viti vinane kutoka ukumbi wa chini, akavipanga kuzunguka ukuta. Alinunua maziwa pakiti sita na sufuria kubwa. Akachemsha chai ya maziwa, akafungua mlango wazi, akakaa kungoja watu.

Nyumbani ndivyo ilivyokuwa wakati huo huo. Kila jioni kwa Magdaline watu walijaa uani, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai, wakasimuliana vituko vya marehemu. Aliyefiwa haiti mtu. Watu huja wenyewe. Mfiwa akikaa peke yake, majirani husema kuna neno kati yake na watu.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Chai ilitanda utando juu. Mama yake alipiga simu, saa sita mchana ya Karatina, kule ikiwa saa kumi na moja jioni.

"Watu wamefika?"

"Wamefika, Mami."

"Wengi?"

"Wametosha."

"Nani ameomba?"

Wakiuru alitazama vile viti vinane. "Mwalimu mmoja," akasema. "Mzee."

"Bwana asifiwe. Mwambie asante. Na chai umewapikia au umewapa maji ya moto, hayo wanayokunywa huko?"

"Nimewapikia."

Siku ya pili vivyo hivyo, na ule uongo ukahitaji mwingine wa kuushikilia. Mama alitaka kumsalimia yule mwalimu mzee. Wakiuru akasema ametoka kidogo. Siku ya tatu alimwaga sufuria nzima ya chai kwenye sinki. Hakuumia hivyo hata siku alipopata habari ya kifo. Alijiona kama mtu aliyekaa miezi saba kati ya watu wasiojua kama yupo. Siku ya nne alifunga mlango, akaandika barua ya kuacha kazi. Pasipoti ikitoka tu angeondoka, hata kama mwaka haujaisha.

Jumatatu asubuhi alikuwa akiipeleka barua idarani alipokutana na Lin Yue kwenye ujia. Lin Yue aliinamisha kichwa, akajibana ukutani ampishe, asiseme neno. Wakiuru alipita hatua tatu, akashindwa.

"Lin Yue. Nimewakosea nini?"

Msichana alishtuka. "Hujatukosea, mwalimu."

"Baba yangu amekufa. Siku tatu nimekaa, mlango wazi. Hata mmoja wenu hakuja kuniambia pole."

Machozi yalimtoka Lin Yue. Alitoa simu akamwonyesha ujumbe aliowaandikia wenzake siku ile ya Jumatano, akamsomea kwa Kiingereza, akikosea na kurudia. Mwalimu amefiwa na baba yake. Anahitaji utulivu. Mtu yeyote asimsumbue. Akaeleza kwamba walikuwa wamegawana zamu chini ya ngazi, wawili wawili, kuwanyamazisha waliopita na kelele. Zhao Peng alikuwa amegombana na mtu wa kuleta vifurushi kwa sababu ya kupiga honi.

"Na mlango?" Wakiuru akauliza. "Hamkuuona mlango uko wazi?"

"Tuliuona. Tulidhani unaingiza hewa."

Wakiuru alianza kucheka, na katikati ya kicheko akalia, pale pale ujiani, kwa sauti, jinsi ambavyo hakuwa amelia tangu Jumatano. Lin Yue alisimama karibu naye asijue aweke wapi mikono, mwishowe akaiweka mabegani mwake.

"Kwenu tungetakiwa kufanya nini?"

"Kuja tu."

"Tukija tuseme nini?"

"Hata msiposema. Mnakaa, mnakunywa chai."

"Tulete nini?"

"Kwetu watu huleta sukari, unga, chochote." Akajifuta uso. "Maziko ni kesho kutwa, saa kumi alasiri ya hapa. Nitayaangalia kwenye simu."

Barua aliirudisha mkobani.

Jumatano, saa kumi kasoro dakika ishirini, walianza kupanda ngazi. Wote thelathini na mmoja, wamevaa nguo nyeusi, na kila mmoja amebeba pakiti ya sukari. Wakiuru aliposimama mlangoni na kuona zile pakiti zinapita mbele yake moja baada ya nyingine, alijua ni bora asiseme kitu. Viti vilijaa, kitanda kikajaa, wengine wakakaa ngazini, na vikombe vikazunguka kwa zamu. Chai ya maziwa yenye tangawizi ilimkunja Zhao Peng uso, lakini aliimaliza.

Simu iliegemezwa kwenye vitabu, na Karatina ikaonekana: hema, watu, jeneza, mvua nyepesi.

"Yule mwenye kofia kubwa ni mama?" mmoja akanong'ona.

"Ni shangazi Wakonyo. Kamera ikigeuka, naye anageuka."

Wakacheka kidogo, kisha wakaogopa kwamba wamekosa, wakaona mwalimu naye anacheka. Magdaline alipochukua udongo na kuuachia juu ya jeneza, Wakiuru alifumba macho akaomba kwa Kikuyu. Hakuwataka waombe, kwa kuwa hakujua wanaamini nini, lakini alipofumbua macho vichwa vyote vilikuwa vimeinama.

Kesho yake mama alipopiga simu, Wakiuru hakumpa nafasi ya kuuliza.

"Mami, nilikudanganya. Siku zile za kwanza hakuja mtu. Hakukuwa na mwalimu mzee."

"Nilijua. Nyumba ya matanga ina kelele ya vikombe. Kwako nilisikia saa ya ukutani tu."

"Mbona hukusema?"

"Ningekusaidiaje kutoka huku? Niliomba Mungu tu akuletee watu. Jana je?"

"Jana walikuja. Wote."

"Basi niandikie majina. Yao kamili, si haya ya Kizungu ya kujipachika. Jumapili tunashukuru waliosimama na sisi."

Wakiuru aliyaandika yote. Gicheru, mzee wa kanisa, alishinda Jumamosi nzima akiyafanyia mazoezi, mkewe akimcheka jikoni. Jumapili alisimama mbele, akasoma kwanza waliotoka Nyeri, Mwea na Kerugoya, kisha akageuza karatasi, akavuta pumzi.

"Lin Yue," akasoma. "Zhao Peng."

Akaendelea polepole, kila jina akiliheshimu, hata aliyoyavunja. Alipofika la thelathini na moja, Magdaline alisimama kwa niaba yao, na kanisa likasema amina.