Chungu cha Mvua na Chupa ya Wingu

Shida yangu ilianza mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mvua ilichelewa kijijini kwetu, upande wa Namtumbo, mahindi yakajikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Akaja mtu akisema anaita mawingu. Alikuwa na chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na sharti lake lilikuwa moja: kisifunuliwe mpaka mvua inyeshe. Baba akampa mtamba wetu, ng'ombe pekee tuliyekuwa naye, jamaa akaenda zake. Siku tisa baba alikilinda kile chungu. Siku ya kumi nilikifunua mimi. Majivu na maji, basi. Baba alinichapa kwa kufunua, kisha akakaa chini mpaka jioni. Mtamba yule ndiye angeniweka shule. Niliishia darasa la tatu.

Tangu hapo nina kanuni moja: anayekukataza kufunua anakuibia. Kwa kanuni hiyo nimefyatua na kuchoma matofali hapa Matogoro miaka arobaini. Kuni zikiletwa nashusha rundo lote nione za katikati. Mke wangu husema hata pilau ya harusi naifukua kwanza kabla sijala. Ni kweli. Na sijawahi kula mchanga wa mtu.

Sasa, mwaka jana mwezi wa kumi akaja kitinda mimba wetu, binti aliyesoma mpaka nikashindwa kutaja anachosoma. Akanipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akazungushazungusha kikombe cha chai. Nikajua ana jambo.

"Baba, nimechaguliwa kwenda ncha ya kusini ya dunia, kwenye barafu. Mwaka mzima. Kupima chembe za hewani."

"Chembe gani?"

"Kama vumbi, lakini..."

"Vumbi! Songea hii vumbi limeisha?"

"Si hili, baba. Ni dogo mno, jicho haliwezi kuliona. Lingine linazaliwa huko huko angani. Ndilo linaloshika mvuke ukawa wingu."

Wingu. Neno hilo lilinisimamisha nywele.

Akasema basi lake ni Jumamosi, na bila baraka yangu hapandi. Kwenye ukoo wetu mtoto akienda mbali, baba huchukua maji mdomoni akampulizia utosini. Nisipopuliza, haendi, na nafasi anapewa mwingine. Hayo alinieleza bila kunitazama.

Nikaanza kuuliza. Nani anakulisha huko? Nani ameshika pasi yako ya kusafiria?

"Ninayo mwenyewe."

"Ilete."

Akaileta. Nikageuza kila ukurasa, hata ule mtupu.

"Na huko kunaishi nani?"

"Watafiti wachache, na ngwini. Ni ndege, ila hawaruki. Wanakaa maelfu kwa maelfu."

Akanieleza taratibu. Kule jua hupotea miezi, halafu hurudi. Likirudi, vimea vidogo mno vya baharini hutoa hewa fulani. Mavi ya ngwini nayo hutoa ile harufu kali inayochoma pua ukifungua banda la kuku. Hewa hizo zikikutana juani zinagandana, zinakuwa chembe, chembe zinanenepa, mvuke unazikalia. Hewa ya kule ni safi sana, kwa hiyo chembe chache tu zinaweza kubadili wingu zima. Zikiwa nyingi, matone yanakuwa madogo madogo, wingu linakuwa jeupe zaidi na kulirudisha jua lilikotoka. Asiyeyajua mawingu hayo, akasema, atakosea hata anapokadiria joto la dunia.

"Yaani mavi ya ndege yanaumba mawingu?"

"Yanasaidia, baba."

"Basi kuku wa mama yako wangekuwa wameshatuzamisha kwa mafuriko!"

Mke wangu akajibu kutoka jikoni: "Waache kuku wangu. Wenyewe hawajawahi kumkagua mtu pasi."

Nikasema haendi. Nikasema mtu wa mawingu nilishamwona, najua anachoacha nyuma. Nikamsimulia habari ya chungu, ambayo sikuwahi kumwambia mtoto wangu yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Aliwakataza kufunua?"

"Ndiyo."

Akainuka, akarudi na chupa tupu ya maji, ile ya plastiki, na kiberiti. Akatia maji ya uvuguvugu kidogo, akafunga, akaitikisa. "Minya, baba. Haya, achia." Sikuona kitu. Akawasha njiti, akaizima, akaingiza moshi wake kidogo chupani, akafunga. "Minya tena. Achia."

Chupa ikajaa weupe. Nikaminya, ukapotea. Nikaachia, ukarudi. Wingu, mkononi mwangu, mchana kweupe.

"Huo ni moshi tu," nikasema. "Unanichezea."

"Fungua uangalie. Fanya mwenyewe."

Nikachukua chupa yangu, kavu kabisa, na kiberiti changu. Nikatia moshi bila maji. Nikaminya, nikaachia. Moshi ulikaa vile vile kama mgeni asiyeaga, haukupotea wala kurudi. Nikatia maji yangu, moshi nikautoa. Hakuna kitu. Nikavitia vyote viwili: wingu. Nilirudia mpaka mke wangu akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee, mtoto ana safari. Au mpaka umalize kiberiti?"

Nilikuwa nawaza asubuhi za baridi hapa Matogoro, ukungu unaposhuka kutoka mlimani. Upande ambao moshi wa tanuri langu unaelekea, ukungu huwa mzito zaidi. Nimeuona miaka yote hiyo nikidhani ni macho yangu.

Sikusema nimeamini. Nilimwambia: "Siku watakayokukataza kufunua kitu, rudi nyumbani." Kisha nikachukua maji mdomoni nikampulizia. Matone yalisimama kwenye nywele zake, madogo, meupe.

Yuko huko sasa. Kila Jumapili anapiga simu ya picha, nami namwambia aizungushe simu nione nyuma yake, kulia na kushoto. Anazungusha. Ni weupe mtupu, na ndege wamesimama.

Leo ninavyo hivi. Nyumba ya matofali yangu mwenyewe, vyumba vinne, bati. Tanuri moja. Kalibu sita za mbao za kufyatulia. Ekari tatu za mahindi. Ng'ombe wawili, wote majike. Kuku ni wa mke wangu. Dirishani kuna chupa mbili za plastiki, moja ina maji, moja kavu. Anayetaka afungue.