Chupa ya Maji ya Mrehani

Mwezi wa Shaabani, mvua zikiwa bado hazijakatika, tulitoka mjini Palma watu tisa kwenda kuzuru makaburi ya kijiji chetu cha zamani, kile tulichokihama kwa ajili ya vita. Kiko nyuma ya vilima viwili, na kati ya vilima hivyo kuna bonde la mpunga ambalo siku hizi halilimwi na mtu. Limegeuka tope tupu. Ukitoka alfajiri unafika karibu na adhuhuri, na huna muda wa kukaa, maana kabla ya magharibi ni lazima uwe umeshapita kituo cha askari ukirudi mjini.

Kila mtu alibeba chupa ya maji yaliyotiwa majani ya mrehani, ya kumwagia kaburi la mtu wake. Yangu ilikuwa ya mama. Ila kulikuwa na jambo sikumwambia yeyote: sikujua kaburi la mama liko wapi.

Siku tuliyokimbia mama alikuwa mgonjwa, hawezi hata kusimama. Niliwachukua wanangu wawili nikashika njia ya bondeni, nikimwahidi kwamba narudi. Sikurudi. Aliyebaki ni jirani yetu, kwa sababu mumewe naye alikuwa kitandani. Wagonjwa wote wawili walifia mikononi mwake, na ndiye aliyewazika, kwa jembe lake mwenyewe. Habari hizo nilizipata kwa watu wengine. Yeye tulipokutana tena Palma tulisalimiana tu. Mficha uchi hazai, najua, lakini kila nilipotaka kumuuliza haya ilinifunga mdomo.

Na siku hiyo ya kuzuru ndiye aliyetuongoza. Bondeni alichomeka fimbo mbele yake, akiona chini ni pagumu anakanyaga, na sisi tunatia mguu palepale alipoutoa wake. Viatu mkononi, kanga zimefungwa juu ya magoti. Mimi nilikuwa wa pili. Njia nzima nilitazama visigino vyake nikijiambia: tukifika ng'ambo nitamuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema. Aliyesema hivyo hakumwacha mama yake kitandani.

Katikati ya bonde nilizama mpaka mapajani. Akarudi akanishika mkono.

"Calma, tulia, mdogo wangu. Ukipapatika ndo linakumeza. Fata nilipokanyaga."

"Nimefata, dada."

"Hujafata. Umekata njia."

Alisema kweli. Ndiyo tabia yangu, na tope lile halikunifunza kitu.

Tulipofika, watu walitawanyika kila mmoja kwa wake. Makaburi yote yalikuwa yamefunikwa na majani. Pembeni, mbali na mengine, niliyaona mawili yamelala ubavu kwa ubavu, kila moja limepandwa mbono kaburi kichwani. Mbono mmoja ulikuwa umestawi, wa pili umedumaa. Nikajua ni wao, mama na mume wa jirani. Mama alikuwa na mkono wa baraka, hata kijiti cha uzio akikichomeka kinaota. Nikaamua wake ni ule uliostawi. Jirani alikuwa hatua kumi tu kutoka nilipo, na bado sikumuuliza.

Niling'oa majani mpaka vidole vikachubuka. Nikamwaga maji kutoka kichwani hadi miguuni, chupa nzima, huku nalia na kuomba radhi. Jirani alikuja akasimama nyuma yangu, akaningoja nimalize.

"Huyo mume wangu," alisema taratibu. "Mama yako huyu wa pili."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Chupa ilibaki na majani ya mrehani tu, yamegandia chini.

"Nisamehe, dada," nikasema. Sikumwambia nisamehe lipi.

"Umemsafishia vizuri. Mimi mgongo wenyewe ndo huu." Akanipa chupa yake, ilikuwa bado imejaa. "Haya, mmwagie mama yako."

Niliipokea nikasogea kwenye kaburi la pili. Ndipo nikamuuliza mama alisema nini mwishoni.

"Alikuwa anauliza bonde tu. Wameshavuka? Kila saa, wameshavuka? Nikamwambia wamevuka, wote watatu."

"Ulijuaje?"

"Sikujua."

Nikaanza kumwaga maji, kichwani kwanza, nikamwambia mama kwamba tulivuka.