Karakana Tuliyotaka Kuinunua

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa bidhaa za nje, mimi na kaka yangu tulikuwa tukiunganisha kompyuta. Tuliunganisha vizuri, sijisifu bure. Ila chipu za kumbukumbu tulizoagiza Dar zilikuwa zikifika mbovu, na mashine sita za shule moja ya Mvumi zilikaa mezani zikila vumbi. Shule ilitupa mwezi mmoja. Tukishindwa, tunafunga duka.

Chipu nzima alikuwa nazo mtu mmoja tu mjini, mzee aliyezibandua kwenye mashine zilizokufa, akazipima moja moja na kuziuza. Nikasema tuinunue karakana yake. Kaka akaniona nimechanganyikiwa: duka lenyewe linatushinda, tuongeze na karakana ya mtu? Nikamwambia linatushinda kwa sababu hatuna chipu, basi. Nilikuwa nimechoka kusubiri mabasi ya Dar.

Kosa letu lilikuwa kumtuma mjomba akatuombee. Mjomba alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani Msalato, na huko unachokitaka unakiponda kwanza ili bei ishuke. Basi akaingia kwa mzee na kuanza: paa linavuja, meza zimeoza, vyuma vyenyewe chakavu, nani atavitaka? Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamfungulia mlango atoke. Kesho yake akagoma kutuuzia hata chipu moja. Jamani, nilimkasirikia mjomba nusura nilie.

Siku ya tatu nikaenda mwenyewe. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Sikuzunguka. Nikamwambia mjomba alikosea, na sisi ndio tuliomtuma; karakana yake ni nzima kuliko duka letu, na bila yeye tumekwisha.

Aliendelea kupima chipu zake, kisha akauliza, "Na hilo duka lenu, mnaliuza?"

Iliniuma, sifichi. Nilikuwa nimekuja kununua. Lakini nikaona mashine zile sita zikirudishwa Mvumi zikiwa maiti, na kaka akirudi shambani, ndipo nikajua jibu langu.

"Tunauza, mzee," nikasema. "Ila mafundi wake wanakuja nalo."

Akavuta kigoda kwa mguu, akakisogeza upande wangu, akanisukumia kopo la chipu ambazo hazijapimwa. Nikakaa, nikaanza kupima.