Hamsini kwa Mia

Sipendi futi. Mutu akitaja futi mbele yangu leo, ninamwangalia mpaka anyamaze.

Si kwamba sijui kupima. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi, lakini nilitoka Butembo na msumeno tu, na sasa mbao zangu zimesimamisha nyumba toka Mugunga mpaka Munigi. Mutu wa Goma hafundishwi haya: bati ni futi, kwa sababu linatoka Uganda, bomba na televisheni ni pouce, ile inchi, kitambaa ni mita, na udongo ni mita. Udongo ni mita! Hata mutoto anajua.

Nilikuwa natafuta parcelle, kiwanja cha depo, mahali kamyo la mbao linaingia, linageuka, linatoka kichwa mbele. Pale nilipopanga walikuwa wananifukuza. Rafiki niliyeanza naye biashara, mutu aliyekaa Uganda miaka mingi, akaniambia ana sehemu Munigi, hamsini kwa mia. Tukaenda. Mawe meusi ya volkano, majani kidogo katikati, jiwe linafanana na jiwe. Akanyoosha mkono: "Toka hapa, unaenda kule." Kule! Macho yangu yakaona kamyo tayari linageuka. Tukamalizana mbele ya mashahidi, tukachinja mbuzi, tukamla.

Siku ya kuanza ukuta, jirani akanitokea na mpini wa jembe.

"Muzee, unajenga ndani ya maharagwe yangu."

"Maharagwe yako ndiyo yaliyo ndani ya mia yangu."

Nikamwita muuzaji. Akaja anacheka.

"Papa, mimi nilisema futi. Kule tunauzaga vile."

"Kule wapi? Hapa ni Kampala?"

"Mbona bati unanunuaga kwa futi na haulalamike?"

"Ningetaka bati ningekuomba bati!"

Jirani alicheka mpaka akaegemea mpini. Mashahidi wakasema walisikia hamsini kwa mia. Mia ya nini, hakuna aliyeuliza. Nikadai anirudishie changu. Akapangusa mdomo kama mutu aliyetoka mezani: "Mbuzi ameshaliwa, papa." Na kwetu mbuzi akishaliwa, maneno yamekwisha.

Nikapima mwenyewe. Upana, hamsini yake ikawa mita kumi na tano na kidogo. Ukiweka nyumba na mbao, kamyo linakaa humo kama ng'ombe kwenye banda la sungura. Na mke wangu nyumbani:

"Papa, ulinunua udongo ao ulinunua pagne ya kujifunga?"

Mwingine angelia. Mimi nikajenga etage, ghorofa ya mbao, na hakuna injinia aliyenichorea. Chini mbao zinasimama wima badala ya kulala, juu tunaishi. Kwenda juu hakuna maharagwe ya mutu. Watu wanasimama barabarani kuitazama, na wanafanya vizuri.

Ila kamyo halijageuka humo hata leo. Linaingia kinyumenyume, dereva anapiga honi, na kila honi mimi nalaani futi.

Juzi yule rafiki alipita. Akasimama mbele ya geti, shingo juu.

"Papa, umepanda kweli! Ni mita ngapi ile?"

"Panda upime," nikamwambia toka baraza la juu. "Kwa futi zako."

Kamyo lilikuwa linaingia kinyumenyume, linamjia mgongoni. Dereva wangu alibana honi, hakuiachilia. Rafiki akaruka kando, miguu yote miwili ndani ya maharagwe, na jirani alikuwa ameshatoka na mpini.

Nikavuta kiti, nikakaa.